Siku Tatu za Chaki

Chaki hufutika, rangi hubaki. Jana kwenye kikao cha harusi mlimsikia shangazi yenu akimwambia mjomba maneno hayo, na mjomba, ambaye hanyamazishwi kirahisi, akakaa chini. Leo mnaniuliza yametoka wapi. Wapo watakaowaambia yametoka shuleni, kwa walimu na mbao zao. Sivyo. Yalizaliwa hapa hapa Kirindini, kwenye ukuta wa ghala la kahawa, nami nilikuwapo. Tena kosa lililoyazaa lilikuwa langu, kwa hiyo nisikilizeni bila haraka.

Wakati huo nilikuwa katibu wa chama chetu cha ushirika. Hapa kijijini palikuwa na mwanamke aitwaye Eliwaza, mwandishi wa mabango. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza herufi kwa kunakili magunia ya unga, makopo ya majani ya chai na maneno ya kanga za mama yake, akiandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Alianza na majina ya watu kwenye vigoda vyao na baiskeli zao. Baadaye akapata kinyozi, kisha mgahawa, kisha maduka.

Msimu wake ulikuwa mwanzo wa masika. Mvua za kwanza zikinyesha, mibuni ilichanua yote kwa pamoja, mlima ukawa mweupe, na wenye maduka wakatazama mabango yao yaliyochubuliwa na jua wakaona aibu. Mpaka leo nikinusa ua la kahawa nakumbuka na harufu ya rangi ya mafuta. Kwangu mimi harufu hizo mbili ni moja.

Shida yake ilikuwa mahali pa kufanyia kazi. Alijibanza kwenye baraza ya Mbonea, fundi cherehani. Mvua ikija alikimbiza mabango ndani, na Mbonea alipiga kelele hadi barabarani: "Eliwaza! Suruali ya mchungaji imepata herufi K!"

Watu walicheka, lakini Mbonea hakuwa akitania. Mwaka huo alimwambia atafute mahali pengine kabla mvua hazijakolea.

Basi chama kilikuwa kimemaliza kujenga ghala, na kamati ilitaka majina ya waasisi saba yaandikwe ukutani, yasomeke kutoka barabarani. Mwenyekiti wetu, mzee Senzighe, alimpa Eliwaza kazi hiyo. Malipo yake makubwa yalikuwa kibanda cha bati kando ya ghala, chenye dirisha na mlango wa kufunga. Mimi ndiye niliyempa orodha ya majina.

Eliwaza alikuwa na desturi moja iliyowaudhi wateja. Kila bango aliliandika kwanza kwa chaki, lote, na herufi zake zote, kisha akaliacha siku tatu ndipo apake rangi. Mvua ikilifuta, aliliandika upya. Mwenyekiti alipoona ukuta umejaa chaki alishangaa.

"Binti, tumekuita upake rangi. Chaki hata wajukuu wangu wanayo."

"Waache watu wapite wasome, mzee. Macho yangu ni mawili tu."

Siku ya pili, mimi nikiwa mlangoni nashona magunia, akapita bibi Nakijwa na mzigo wake wa majani ya ng'ombe. Alitua mzigo, akautazama ukuta.

"Nisomee, mwanangu. Macho yangu hayakwenda shule."

Eliwaza akamsomea polepole, akionyesha kila jina kwa mpini wa brashi. Kwa kila jina bibi alikunja kidole kimoja. Vilipofika saba akabaki amesimamisha cha nane.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bibi."

"Haya. Umeandika vizuri, yamenyooka." Akakishusha kile kidole, akajitwisha mzigo wake, akaenda.

Eliwaza alimtazama mpaka alipopotea kwenye migomba. Kisha akanigeukia. "Katibu, yule bibi alikuwa anangoja jina gani?"

Nikamwambia sijui. Wajukuu zangu, nilijua kabla sijamaliza gunia nililokuwa nalishona.

Mkutano wa kwanza wa chama ulifanyika nyumbani kwa Nakijwa. Mimi orodha yangu niliinakili kutoka kumbukumbu za mkutano huo, yaani majina ya waliokaa. Nakijwa hakukaa. Alikuwa amesimama jikoni akitupikia makande. Na miche ya kwanza ya kahawa ilioteshwa nyuma ya jiko lake. Mwaka ule mfereji ulikauka, naye akaimwagilia miezi mitatu kwa maji aliyoyateka bondeni na kuyapandisha kichwani. Mashamba yote saba yalitoka kwenye kitalu kile.

Nilijua, nikanyamaza. Nilimwogopa mwenyekiti, na niliona haya kusema kwamba katibu amekosea.

Siku ya tatu jioni, mimi nikiwa bado nimekaa mlangoni na magunia yangu, mwenyekiti akaja. "Mbona bado chaki? Mgeni rasmi anafika keshokutwa."

"Kuna jina halijaja, mzee," akasema Eliwaza.

"Majina ni saba, yamepitishwa na kamati."

"Bibi Nakijwa alihesabu nane."

"Nakijwa hajui kusoma!"

"Kuhesabu anajua, mzee."

Mwenyekiti akatoa ufunguo mfukoni, akauinua. "Ukipaka sasa hivi, kibanda ni chako. Usipopaka, kesho namwita fundi wa Same. Yule humaliza kabla ya saa sita, wala haulizi maswali."

Eliwaza aliutazama ule ufunguo. Mawingu yalikuwa yameshashuka mlimani, na mabango yake manne yalikuwa yameegeshwa nje kwa Mbonea, hayana pa kulala.

"Mwite, mzee," akasema taratibu. "Mimi sitapaka rangi juu ya kitu ninachokiona kimepungua."

Hakumlaumu mtu. Hata mimi hakunitazama, ingawa nadhani alikuwa ameshanielewa tangu jana yake. Angenitazama ningekasirika, nikajitetea. Kwa kuwa hakunitazama, nilisimama.

"Mwenyekiti, kosa ni langu. Niliandika waliokaa. Nakijwa hakukaa."

Mzee Senzighe aliushusha mkono wenye ufunguo. Tulisikia matone ya kwanza yakigonga bati. Mwishowe akasema, kama anayejisemea peke yake, "Yale makande. Niliongezwa mara mbili." Akaurudisha ufunguo mfukoni. "Andika wanane. Kamati nitaiambia mimi. Na ufunguo utaupata rangi ikikauka."

Nilidhani Eliwaza atalichomeka jina chini ya yale saba. Alichukua kitambaa akafuta ukuta mzima. "Nikimweka chini ataonekana kama aliyechelewa," akasema. Akapima upya, akapiga mistari upya, na jina la Nakijwa akaliweka juu kabisa, chini ya ukingo wa paa.

Asubuhi tulimwita bibi. Eliwaza akampandisha kwenye benchi, akamwonyesha. Bibi akanyoosha mkono akaligusa jina lake kwa kiganja kizima, kama mtu anayegusa paji la uso la mtoto. Alipouondoa mkono, nusu ya jina ilikuwa kiganjani.

"Maskini mimi! Nimeliharibu! Mwanangu, nimelifuta!"

"Usiogope, bibi. Chaki hufutika, ndiyo kazi yake." Akaliandika tena, akachovya brashi, akalipaka herufi moja baada ya nyingine, bibi akiwa pale pale juu ya benchi. Alipomaliza akamshika mkono. "Sasa usiguse mpaka kesho. Rangi hubaki."

Mwenyekiti alikuwa nyuma yetu. Siku ya ufunguzi, wazee walipoanza kugombania viti vya mbele, aliwaambia kiti ni cha siku moja tu, akayasema maneno yale mawili kwa pamoja, na tangu hapo hayakurudi ukutani. Yalienda kwenye posa, kwenye mipaka ya mashamba, kwenye mabaraza.

Eliwaza alipata kibanda chake. Mabango yake yalifika Same na Mwanga. Lakini jina lake mwenyewe, juu ya mlango, aliliandika kwa chaki tu. Kila masika mvua ililichukua, naye akaliandika upya, safari hii herufi zimelala kidogo, safari ile zimenenepa. Nilimuuliza sababu. "Bado sijaipata E yangu, Katibu," akacheka. Alipohamia kwa binti yake kule mjini Moshi, mvua ililifuta, na hakuna aliyeliandika tena.

Ghala mnalijua. Mibuni mingi imeng'olewa, na masika hayanukii kama zamani. Majina saba yamefifia. La juu, lililokingwa na paa, utadhani limepakwa mwaka jana.

Jana mjomba wenu alitaka orodha ya waalikwa ipelekwe kuchapwa kwenye kadi siku ile ile, maana imeshapitishwa. Nyinyi mlikuwa mnamtazama yeye. Mimi nilimtazama shangazi yenu. Alikuwa anahesabu kwa vidole, na kimoja kilikuwa bado kimesimama. Ndipo akasema: chaki hufutika, rangi hubaki.