Jina Litakalotamkwa Asubuhi

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, maana wote ninaowataja wangali hai na ukienda kwao utakaribishwa chai, palikuwa na kiwanda kidogo mjini Tabora kilichochapa vitabu vya nukta nundu. Karibu wote waliofanya kazi humo walikuwa hawaoni, na waliovisoma vitabu vyao walikuwa hawaoni vilevile. Kitabu cha sayansi kikitoka pale, mtoto wa Urambo alikipapasa akajua moyo wa mtu umekaaje. Kiwanda kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa na jina.

Kazi ilifanywa kwa kompyuta zinazosema. Ukibonyeza herufi, kompyuta inaitamka. Ukifungua ukurasa, inakusomea. Zilikuwa kompyuta kuukuu, ila zilitunzwa kama ng'ombe wa maziwa.

Basi ikatokea kwamba kampuni iliyotengeneza mfumo endeshi wa kompyuta hizo ilitangaza kuwa mfumo ule umefika mwisho. Hautapata tena masasisho wala kinga ya virusi. Anayetaka mfumo mpya anunue kompyuta mpya, kwa kuwa hizi za zamani hazina nguvu ya kuubeba. Ofisi iliyowaletea vitabu vya kuchapa ikasema, "Kompyuta isiyo na kinga hatuipelekei kazi." Wafadhili nao wakasema, "Basi fungeni. Kazi itahamia jijini."

Mkuu wa kiwanda, Mama Kalunde Mihayo, mwenyewe asiyeona tangu utotoni, aliwaita wenzake wote.

"Wanasema tufunge," alisema. "Watoto wa darasa la saba wanasubiri vitabu vyao. Mwenye neno aseme."

Siku hiyo alikuwapo fundi mmoja wa kompyuta, Ngasa Shija, aliyekuja kubadilisha waya uliokatika. Alikuwa na kibanda chake karibu na soko.

"Mama, kompyuta hizi ni nzima," alisema Ngasa. "Kilichozeeka ni mfumo tu. Iko mifumo ya bure, myepesi, ambayo bado inalindwa. Niruhusuni niwabadilishie."

"Itasema?" aliuliza Nyamizi Katabi. Nyamizi alikuwa mhakiki wa kiwanda. Vidole vyake vilinasa makosa yaliyowapita wengine wote.

"Itasema, dada."

Ngasa akafunga kibanda chake, akahamia kiwandani. Alianza na kompyuta ya Nyamizi. Akaondoa mfumo wa zamani, akaweka mpya. Kompyuta ikawaka. Ikawa bubu.

Akaihangaikia. Mashine ya kutoboa nukta nayo ikagoma, haikuelewana na mfumo mpya. Wateja wake wa sokoni wakahamia kwa mafundi wengine, naye hakutoka. Hatimaye mashine ikaanza kugonga karatasi, na kompyuta ikawaka, ikasema.

Lakini faili moja ilikuwa imepotea. Ilikuwa ya alama za hesabu na sayansi, ambazo Nyamizi alizikusanya kwa miaka, alama moja baada ya nyingine. Ngasa alidhani ameinakili. Hakuwa ameinakili.

Akamwendea Nyamizi, akakiri. Nyamizi alichukua fimbo yake nyeupe akaenda zake, na kila mtu akajua harudi.

Kesho yake asubuhi fimbo ilisikika mlangoni.

"Niwekee kiti," alisema Nyamizi. "Kompyuta ile ile."

Akaanza upya. Aliusoma mfumo mpya kwa vidole na masikio mpaka kichwa kikamgonga. Aliziandika zile alama tena, zote, kutoka kichwani. Alipoumudu mfumo, akakaa na wenzake, mmoja mmoja, akiwashika mikono: "Hapa ndipo pa kufungulia. Hapa ndipo pa kuhifadhi. Usiogope, haiumi." Mzee Misana, mkongwe wa kiwanda, alimkasirikia na kumfokea. Nyamizi akamshika mkono tena.

Hata hivyo kazi haikwenda. Mfumo mpya ulikuja na sauti iliyosema Kiswahili kama mtu mwenye ugali wa moto mdomoni. "Ng'ombe" ilitamka "nigombe." Neno likikosewa masikioni linakosewa na kwenye karatasi, na kurasa zikawa zinatupwa.

"Turudi kwenye ule wa zamani," alisema Mzee Misana. "Kama ni virusi, vije."

Jirani wa Mama Kalunde alikuwa Bi. Tunu Salumu, aliyetangaza treni stesheni mpaka akastaafu. Tabora nzima iliijua sauti yake. Alipopata habari hizo alifunga kanga akaja.

"Nasikia mnatafuta sauti," alisema. "Ninayo."

"Bi. Tunu, daktari si amekwambia upumzishe koo?" aliuliza Mama Kalunde.

"Amenikataza kupayuka. Kusoma si kupayuka."

"Ukiipoteza je?"

"Wakati wote nilikuwa nawaaga watu wanaokwenda zao. Niacheni nizungumze na wanaobaki."

Akasoma. Ngasa alimwekea kinasa sauti, naye akasoma sentensi moja baada ya nyingine, maelfu ya sentensi, asubuhi na alasiri. Koo likaanza kukwaruza, akanywa maji, akasoma. Alipomaliza ukurasa wa mwisho sauti ilikuwa imebaki mnong'ono, na daktari akasema ndivyo itakavyokuwa siku zote. Ngasa akapeleka rekodi kwenye chuo kimoja chenye kompyuta yenye nguvu, zikatengenezwa zikawa sauti ya kompyuta.

Kompyuta ikawaka. Ikasema. Ikasema "ng'ombe," ng'ombe kamili.

Mzee Misana alisimama. "Jamani! Huyu si Bi. Tunu wa stesheni?"

Kiwanda kizima kilicheka, na wengine walilia. Bi. Tunu alikuwa amekaa pembeni, ameweka mkono kooni, anaisikiliza sauti yake mwenyewe.

Vitabu vya darasa la saba viliwahi mtihani. Wafadhili walikuja kusikiliza wakayafuta maneno yao ya kufunga. Watu wa viwanda vya miji mingine wakaja kujifunza, na watu wa Tabora wakawapokea kifua mbele: "Kompyuta ni zile zile zenu mnazotupa. Karibuni, kaeni."

Siku moja Ngasa akawaambia kwamba mfumo huu unaweza kufundishwa salamu. Wakakubaliana kwamba kompyuta zote zikiwashwa asubuhi ziseme "Karibu kazini," kisha zitaje jina la mtu aliyekiokoa kiwanda. Jina moja, ili lipate heshima yake. Hapo wakagawanyika. Mama Kalunde akawaita watatu wale mbele ya wote.

Ngasa akasema, "Sioni haya kusema. Ninyi mlikuwa mmeshaambiwa mfunge. Mimi nilisema kompyuta ni nzima, na kibanda changu kikafa nikilithibitisha neno langu. Kosa nilifanya, na nilikiri. Bila mimi kusingekuwa na kompyuta ya kutaja jina la mtu."

Nyamizi akasema, "Kompyuta bila mtu anayeijua ni sanduku. Kazi yangu ilifutwa, nikarudi. Kila aliye humu alifundishwa na mikono hii. Fundi akiondoka leo, kiwanda kinaendelea. Hilo nimelifanya mimi."

Bi. Tunu alinong'ona, wakanyamaza wote ili wamsikie. "Walishaweka mfumo, walishajifunza, na bado mlitaka kurudi nyuma. Mkabaki kwa ajili ya sauti. Nilikuwa nayo moja tu."

"Lakini Bi. Tunu," alisema Mzee Misana, "wewe tunakusikia kutwa. Wenzako hatuwasikii."

"Mnasikia sauti," alijibu Bi. Tunu. "Mtoto wa kesho atajuaje ni ya nani?"

Mama Kalunde alifikiri sana. Kila alipofungua mdomo alitaja jina moja, akalirudisha. Mpaka leo kompyuta za kiwanda kile zikiwashwa zinasema, "Karibu kazini," halafu kimya kidogo, pale jina linapopaswa kuingia.

Haya, nyinyi mliosikiliza, mimi nimewaletea kama yalivyokuwa. Fundi aliyethubutu, mhakiki aliyerudi, au mama aliyetoa sauti yake: je, kompyuta zitaje jina la nani?