Jivu la Getini

Paukwa!

Pakawa.

Mh! Pakawa gani hiyo ya wagonjwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Palikuwa na bonde, na bondeni uwanja wa mpira, na uwanjani timu mbili zisizopeana hata kaa la moto: Mlimani na Mtoni. Siku ya mechi yao harusi ziliahirishwa, na maiti alisubiri.

Mwenyekiti wa Mlimani alikuwa Chui. Chui mkubwa, Chui mnene, Chui asiyeshiba. Yeye ndiye aliyeleta desturi ya kiti cha mgeni. Kila mechi ya watani alichaguliwa mmoja ambaye hajawahi kuona mpira. Alipewa tiketi ya bure, akakalishwa jukwaani ubavuni mwa Mwenyekiti. Mapumziko yakifika, Chui alimpeleka nyuma ya jukwaa wakanywe soda. Chui alirudi. Mgeni hakurudi.

"Ni dawa ya ushindi," Chui aliwaambia. Wachezaji wakafunga viatu. Washabiki wakapiga ngoma. Na Mlimani ilishinda mwaka huu, ikafungwa mwaka ule, kama timu yoyote. Aliyekuwa hakosi kitu ni Chui.

Mwaka uliopita mgeni alikuwa dada yake Nguchiro, yule mnyama mdogo wa mashimoni. Nguchiro akaenda kuuliza.

"Mwenyekiti, dada yangu yuko wapi?"

"Amehama, mama. Kaenda kushangilia timu ya mbali."

Na skafu ya dada mtu ilikuwa shingoni mwa Chui.

Mwaka huu tiketi ikaja kwa Nguchiro mwenyewe. Akaitazama. Akawatazama wanawe, wanagombania kiazi. Aliyekataa tiketi alifuatwa nyumbani, na nyumbani kuna watoto. Basi akaoga, akajipaka mafuta mpaka kwenye nyayo, akaenda.

Sasa, Nguchiro hajawahi kutia mguu uwanjani, lakini umbea wa uwanja alikuwa nao wote. Alijua wazee wa Mtoni humwaga jivu la dawa getini, jivu jeupe pee, na mtu wa Mlimani akilikanyaga, timu yake imekwisha. Ndiyo maana Mlimani wote waliingia kwa kuruka ukuta. Vuup, puu! Vuup, puu! Hata bibi harusi wa juzi. Chui naye, kwa unene ule, alisukumwa na wachezaji wanne.

Nguchiro akasimama nje ya geti. Ndani ngoma zinalia, du-du-du! Mavuvuzela, vuuuu! Chui akamwona, mate yakamjaa.

"Mgeni wetu! Ruka ukuta, mama."

"Miguu yangu mifupi, Mwenyekiti."

"Basi pita hapa getini."

"Nikanyage jivu niwaponze? Bora nirudi nyumbani. Labda mwakani."

"Usirudi!" Tumbo la Chui likanguruma, gruuu.

"Basi njoo unibebe. Kwani mgeni wa heshima habebwi?"

Chui akatazama kulia, hakuna mtu. Akatazama kushoto, hakuna mtu. Wote macho uwanjani. Akatoka, chwa, chwa, chwa, juu ya jivu. Akambeba mgongoni. Akarudi, chwa, chwa, chwa.

Jukwaani akaficha miguu chini ya shuka, akamsogezea mgeni karanga.

"Kula, mama, unenepe. Yaani, ufurahi."

Mpira ukaanza. Nguchiro akatazama uwanja kidogo, akawatazama zaidi watu. Kumbe mpira ndio huu! Majirani aliokopeshana nao chumvi wametokwa na mishipa ya shingo. Swala, mpole yule, msuka mikeka, anapiga kelele, "Mvunje mguu! Mvunje!" Mtoni wakafunga bao. Wakafunga la pili. Jukwaa la Mlimani likaanza kunguruma kama chungu kinachotaka kufurika, na Nguchiro akawaogopa hao kuliko alivyomwogopa Chui.

Priii! Mapumziko.

"Twende tukanywe soda," Chui akasema.

Nguchiro hakuinuka. Aliangua kilio. "Jamani watu wa Mlimani! Mnafungwa, na Mwenyekiti wenu amevaa soksi nyeupe!"

Akaivuta shuka. Wakatazama. Miguu ya Chui ilikuwa myeupe mpaka vifundoni.

"Ni vumbi tu," Chui akasema.

"Vumbi la huku jekundu, baba," akasema Swala, polepole. "Na wewe mgeni, hebu nyayo zako."

Nguchiro akainua nyayo. Safi, zinang'aa mafuta.

"Amepita getini," akasema mmoja.

"Amepita getini," wakasema kumi.

"Amepita getini!" likasema jukwaa zima.

"Ndugu zangu, mimi ndiye Mwenyekiti we—"

Kwaru. Kwaru-kwaru. Washabiki wakarudi vitini wakipangusa kucha. Nguchiro akainama, akaokota skafu, akaikung'uta, akaivaa.

Kipindi cha pili Mlimani wakafunga matatu. Wakaimba mpaka sauti zikakauka. Sasa hakubaki hata mmoja wa kutilia shaka ile dawa.

Mke wa Chui akaja mbio. "Jamani, mume wangu yuko wapi?"

Washabiki wakatazama kucha zao. Nguchiro ndiye aliyejibu.

"Amehama, mama. Kaenda kushangilia timu ya mbali."

Mwaka wa pili wakamkalisha kwenye kiti cha Chui. Wanawe wakapewa viti vya mbele na karanga. Swala akamwinamia.

"Mwenyekiti, mgeni wa mwaka huu nani?"

Nguchiro akawatazama wanawe. Akawatazama wale watu. Wanamsubiri, na hawajapepesa jicho.

"Sungura," akasema. "Kila hadithi yumo, lakini mpira hajawahi kuuona. Mpelekeeni tiketi."

Basi funzo, wajukuu zangu: mpira hujenga udugu. Ukiletewa tiketi ya bure, pokea kwa mikono miwili, uende, wala usiwaulize watu maswali.

Hadithi yangu naifunika hapa kama chungu. Atakayefunua akakuta mifupa, asiseme ni mimi niliyepika.