Mistari ya Sange kwenye Maboga

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nani?

Pakawa Sange, kijinyama cha pua ndefu, nyumba isiyobishwa hodi.

Sange alikuwa akiishi na dada yake. Dada akaolewa ng'ambo ya mto, asirudi. Sange akalima peke yake, akavuna peke yake. Kila boga alitaka kuliandika siku na saa alipolivuna, ili ayale ya zamani kwanza. Lakini boga dogo, maneno mengi! Akawaza, akawaza. Akahesabu siku tangu dada aondoke, akazizidisha kwa ishirini na nne, akaongeza saa zilizopita tangu alfajiri. Ikatoka namba moja tu. Akaichora kwa meno, kwaru kwaru: mstari mmoja, miwili, mitatu, kisha pengo la sifuri. Elfu moja mia mbili na thelathini.

Siku moja akaja Ngiri. Akala boga, fyak! Akala jingine, fyak!

"Mjomba Ngiri, hayo ni yangu."

"Yako? Mistari hii nimechora mimi, kwa meno yangu haya!"

Wakaenda kwa Bi Korongo, jirani mwenye kiota kando ya shamba.

"Mistari ya nani?" akauliza Korongo.

"Yangu!" akanguruma Ngiri.

"Yote, mjomba?" akauliza Sange.

"Yote!"

Sange akainua boga lile la elfu moja mia mbili na thelathini. "Ukigawa kwa ishirini na nne, hili linasema siku ya hamsini na moja tangu dada aondoke, saa sita mchana. Bi Korongo, ndiyo siku ile, na saa ile, mayai yako yalipovunjika. Aliyechora alikuwa hapa hapa, kando ya kiota."

Korongo akanoa mdomo. Ngiri akarudi nyuma.

"Mimi? La, la! Sikuwepo! Mistari si yangu!"

"Basi na maboga si yako," akasema Korongo.

Ngiri akatimka, pu pu pu, mkia juu.

Korongo hakucheka. "Sange, kumbe wewe ulikuwepo. Nani alivunja?"

"Tawi, bibi. Lilianguka. Nilikusikia ukilia, nikashindwa hata kuja kukupa pole."

Korongo akaruka, akaenda kujenga kiota mbali.

Sange akarudi nyumbani na maboga yake yote. Akapika moja, akapakua sahani mbili. Moja ikapoa.

Ngano yangu imekwisha, iliyobaki ni yenu. Na funzo lake, wanangu: ukitaka kupendwa na majirani, weka kumbukumbu nzuri.