Nguchiro, Farasi Mzee na Mashudu ya Bwana Nyati

Kalieni mikia yenu mnisikilize, nyie mnaojiona wajanja. Hapo zamani, kale hiyo wanyama walipokuwa na nyumba, milango na majirani wa kuwasengenya, Bwana Nyati alikuwa na kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta. Aliyekizungusha ni Mzee Farasi. Nyati mwenyewe kazi yake ilikuwa kula mashudu, yale masalia ya ufuta yanayobaki mafuta yakishatoka, na kucheua.

Miaka ikaenda, Mzee Farasi akapungua. Mgongo ukabonyea, uti ukatokeza, nyama ya mapaja ikaisha.

"Mzee wangu, sasa pumzika," Nyati akamwambia. "Heshima ya mzee ni kukaa."

Akamfungia bandani, akamrundikia mabua makavu ya mtama. Mabua yakamvimbisha tumbo, na majirani wakipita, maana hawajui kitu, wakasema, "Loo, kanenepa! Nyati anamtunza kweli!"

Mgongo hakuutazama hata mmoja wao. Watu wa ajabu sana hao.

Siku moja Farasi akasikia sauti ya Fisi nyuma ya ukuta. "Hehehee! Lini sasa, jirani?"

"Siku ya kukamua ufuta mpya," Nyati akajibu. "Desturi ya nyumba hii unaijua. Wa humu asiyeweza kuzungusha kinu siku hiyo, ni wako."

Farasi akainamia mabua yake. Machozi yakamtoka.

"Unalia nini, babu?" Nguchiro akachomoza kichwa kwenye mabua. Yeye aliwinda panya humo bandani, wala hakuwa na nia ya kuhama.

"Nimezeeka, mjukuu wangu. Nakula kutwa, na nyama haikai."

"Unakula! Hicho ni chakula au ufagio?" Nguchiro akacheka, kwi kwi kwi! "Ulipokuwa kijana, mwili wako ulijenga nyama hata kwa majani ya njiani. Mwili wa mzee ni mzito kujenga. Unataka chakula cha kujenga hasa, kama mashudu anayobugia yule bwege, tena unataka kazi kidogo kila siku. Ukilala tu, nyama inayeyuka."

Hicho cha kujenga nyinyi shuleni mnakiita protini. Mnakiandika kwenye mtihani, halafu mnakwenda kula ubuyu.

"Lakini Nyati hanipi hata chembe!"

"Atakupa. Tena atakubebea mwenyewe."

Nguchiro huyoo, mbio mpaka kwa Nyati. Akamkuta anatafuna mashudu, mchap mchap!

"Bwana mkubwa, tema! Tema haraka!"

"Kuna nini?"

"Hujauona mgongo wa Farasi? Mashudu ndiyo yaliyomla!"

"Farasi? Sijawahi kumpa hata punje!"

"Harufu tu, bwana wangu! Si analala ubavuni mwa ghala la mashudu? Kama harufu imemfanya vile, je wewe unayemeza? Hebu geuka. Yallah! Umeanza kubonyea!"

Nyati akajipinda, akajipinda, asiuone mgongo wake. Akatema, puu!

"Na ghala limejaa! Nitayapeleka wapi?"

"Mlishe Farasi. Kwani hutaki aishe upesi? Kisha mtoe apande kilima kila asubuhi, polepole, achoke vizuri."

"Una akili, kijana!"

"Kidogo tu, bwana mkubwa."

Basi jitu zima na pembe zake likawa linambebea mzee mashudu asubuhi na jioni, huku likicheka peke yake. Lenyewe likabaki na mabua, likalala kivulini kutwa kuulinda mgongo.

Mzee Farasi akala, akapanda kilima, mwanzoni akihema, hee, hee. Ujana haukumrudia, uongo huo siwapi. Lakini nyama ikaanza kushika mapajani, na uti wa mgongo ukafunikwa. Tumbo nalo likapungua.

"Tumbo limekwisha!" Nyati akashangilia. "Anakufa huyu!"

Siku ya ufuta mpya ikafika. Majirani wakajaa uani, na Fisi akaja na kamba. Farasi akafungwa kwenye mti wa kinu. Miguu ikikataa tu, maisha yamekwisha.

Akavuta. Kinu kimya. Akakaza mapaja, akavuta tena. Kriiii! Kinu kikazunguka, na mafuta yakachuruzika.

Fisi akamgeukia Nyati.

"Jirani, mimi sirudi na kamba tupu. Ulisema wa humu asiyeweza. Hebu na wewe."

"Mimi? Mimi ni mwenye nyumba!"

"Kwani unalala wapi?"

Majirani wakacheka. Nyati akajitia kiburi, akaingia kwenye mti, akavuta. Magoti yakakunjika, pwaa! Akalala chini anahema kama mgonjwa.

Fisi akaanza kukunjua kamba. Hapo Nyati akanyanyuka kwa woga, akavunja ua, akatokomea porini, na Fisi nyuma yake, hehehee! Nyumba hakuirudia tena. Ghala, kinu na mashudu vikabaki kwa Mzee Farasi, na Nguchiro akaendelea na panya wake.

Kwa hiyo jueni, watoto: kumfungia mzee ndani na kumlisha makapi siyo heshima, ni kumuua.