Kuni za Kuyeyushia Barafu

Hapo zamani, watu walipokuwa hawajaerevuka kama tunavyojidai sisi, alikuwako Sultani Muhsini, ambaye hakuwahi kukosea, maana nani angethubutu kumwambia? Ikawa siku moja akaja msafiri, akamweleza kwamba kaskazini ya mbali iko nchi iliyoganda mwaka mzima, na chini ya barafu yake yamelala mafuta ya kuwaka miaka elfu. Akamwandikia hati ya kummilikisha mafuta yote, naye Sultani akampa farasi wake mweupe.

Basi ikapigwa mbiu: kila nyumba itoe mizigo kumi ya kuni, zipakiwe merikebuni zikayeyushe barafu. Yaani mji mzima ukae bila moto, ili moto upatikane! Mawaziri wakasema, "Hiyo ndiyo busara!"

Vuai, fukara wa mtaa wa wafinyanzi, alikuwa na vijiti vitatu tu vya kuchemshia maji ya kumkanda mkewe Mize, aliyejifungua juzi. Askari wakavibeba hivyo hivyo. "Kesho adhuhuri mizigo kumi, la sivyo tunabomoa kibanda chako, nguzo zake ziwe kuni." Mize akajikunyata akitetemeka, na Vuai akaona uchungu hadi machozi yakamtoka.

Kesho yake Sultani akatoka nje, akamkuta Vuai ameng'oa asumini zote za bustani ya kasri, anafukia mbegu.

"Ewe mwehu! Kuni zi wapi?"

"Zipo hapa chini, bwana wangu. Mizigo kumi, na nyongeza."

"Hizo ni mbegu! Zitawaka lini?"

"Zikiota, zikakua, zikakauka. Bwana wangu alipokea mafuta yaliyo chini ya barafu asiyopata kuiona, akatoa farasi papo hapo. Zangu zi chini ya udongo wako mwenyewe, wazifukua kwa kidole. Nami farasi sitaki. Nirudishie vijiti vyangu, mke wangu anaumia kwa baridi."

Sultani akaamuru msafiri aitwe aeleze. Lo! Msafiri kaondoka tangu alfajiri, na yule farasi, wallahi, alikuwa na mbio.

Basi Sultani akacheka, maana asingecheka yeye wangemcheka wao. Akaamuru kuni zirudishwe kwa wenyewe, na Vuai apewe mizigo kumi kutoka jiko la kasri. Mchana ule Mize akakandwa kwa maji ya moto, akalala usingizi mzito. Sultani naye, jiko lake likiwa halina moto, akala tende, akashushia maji baridi, na mawaziri wakasema hiyo ndiyo busara.