Mgonjwa Mmoja, Majina Manne

Wapendwa, kabla hamjafunga Biblia zenu, nina habari ya fundi mmoja wa paa. Ni mfano tu, kwa hiyo msianze kugeuka nyuma kutafuta ni nani. Tumwite Mbwilo.

Huyu Mbwilo aliezeka nyumba za watu kwa miaka kumi na saba. Katika mji wao, ukiona mabati yamenyooka safi, hata mgeni angeambiwa: hiyo ni kazi ya Mbwilo na Lutengano. Lutengano ndiye aliyekuwa mwenzake. Mmoja akiwa juu anagonga misumari, mwingine yuko chini ameshika ngazi. Kesho yake wanabadilishana. Walizoeana hata wake zao wakawa wanawatania kwamba hawa wawili ndio waliooana.

Sasa, mwezi wa tatu, siku ambayo Lutengano alikuwa juu na Mbwilo chini, ngazi iliteleza. Lutengano akaanguka. Hakufa, Mungu ni mwema, lakini nyonga ilivunjika, na tangu siku ile anatembea kwa magongo. Watu wakasikitika, wakachanga, wakarudi kwenye shughuli zao.

Wiki mbili baadaye Mbwilo akapata kazi nyingine. Akapanda kipandio cha kwanza cha ngazi, cha pili, cha tatu. Kwenye cha nne miguu ikagoma. Jasho likamtoka kama mtu mwenye malaria. Akashuka, akasema amesahau nyundo. Akapanda tena, akashuka tena, akasema bati limepinda. Mpaka saa sita alikuwa amemaliza visingizio vyote, na paa lilikuwa bado mbao tupu.

Hivyo hivyo kwa miezi. Fundi wa paa asiyeweza kupanda juu ni nani, wapendwa? Ni mchungaji asiyeweza kufungua kinywa! Na mji ulikuwa unajenga zahanati. Kuta zilikuwa zimesimama, mvua za Novemba zilikuwa zinakuja, na akina mama walikuwa wanajifungulia kwenye darasa la kuazima. Kamati ilikuwa imeshamchagua Mbwilo. Walikuwa wakimsubiri yeye.

Akaanza kutafuta msaada. Na hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa.

Kwanza alikwenda kwa kocha wa maisha, kijana nadhifu aliyekodi chumba juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mbwilo akamwambia, "Mimi ni fundi. Nataka kukua kikazi, lakini naona nimekwama."

Kocha akafurahi. Akamwuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano. Akampa karatasi aandike lengo lake, na hatua ndogo za kulifikia. "Kaka, yaliyopita si ndwele," alisema. "Tunaganga yajayo. Tazama mbele!" Mbwilo akatoka kifua mbele. Akaenda moja kwa moja kwenye ngazi. Kipandio cha nne, miguu ikagoma.

Akaenda hospitali ya wilaya kwa mshauri nasaha, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini. Kwake alisema, "Nilimwona mwenzangu akianguka. Nilikuwa mbali kidogo."

Yule mama hakumpa lengo wala karatasi. Alimwuliza habari za siku ile. Jua lilikuwa wapi? Alisikia nini kwanza? "Pole pole, baba. Tuirudie siku ile. Tutazame nyuma, kwa sababu ndiko mwili wako ulikobaki." Mbwilo akaguna. Kocha kasema mbele, huyu anasema nyuma. Akaacha kwenda.

Akaja kwetu kanisani, kwenye kikundi cha maombi. Akasema, "Kuna mtu kanifunga. Wana wivu na kazi yangu." Tukamwekea mikono. Tulikemea, wapendwa, mnatujua, tulikemea mpaka sauti zikakauka! Tukamwambia atazame juu, utokako msaada wake. Akasema amina kwa nguvu kuliko sisi wote. Asubuhi, kipandio cha nne.

Mwisho akamwendea shemeji yake, dereva wa lori, mtu asiye na maneno mengi. "Shemeji, nina kizunguzungu nikipanda."

"Kizunguzungu gani? Usitazame popote. Panda tu, woga utakutana nao hukohuko."

Akapanda. Wakamshusha watu watatu.

Jumapili moja mchana mkewe alimkuta mezani na daftari la mtoto wao. Amepiga mistari minne. Mstari wa kocha, mstari wa mama wa hospitali, mstari wa maombi, mstari wa shemeji. Amezungushia duara, amekata, amezungushia tena.

"Unafanya nini, Baba Atu?"

"Nalinganisha. Mmoja anasema tazama mbele, mmoja nyuma, mmoja juu, na kaka yako anasema nisitazame popote. Wote wana akili zao. Sasa mwenye njia ya kweli ni yupi? Kichwa kinataka kupasuka, mama."

Mkewe akavuta kiti. Akasoma taratibu, kidole kikitembea chini ya maneno, maana Mbwilo alikuwa ameandika pia alichomwambia kila mmoja. Alipofika mwisho akarudisha kidole kwenye mstari wa kwanza. Kisha akauliza, si kwa ukali.

"Baba Atu, hawa ni wagonjwa wanne. Huyu anataka kukua. Huyu aliona ajali akiwa mbali. Huyu karogwa. Huyu ana kizunguzungu. Wewe ni yupi?"

Mbwilo akalivuta daftari lake.

"Na siku ile hukuwa mbali," mkewe akasema. "Ngazi mlikuwa mnashikiana. Mtu anayeshika ngazi anakuwaje mbali?"

Ngoja niwaulize na ninyi. Mtu huyu alikuwa anatafuta dawa, au alikuwa anatafuta tabibu ambaye hatakigusa kidonda?

Mbwilo alitoka nyumbani bila kuaga. Alitembea mpaka kwa Lutengano, nyumba ambayo hakuikanyaga tangu mwenzake atoke hospitali. Miezi saba alikuwa anatuma salamu kupitia watu wengine. Alimkuta amekaa kwenye kibaraza, magongo ukutani, anachambua mchicha. Fundi yule! Mbwilo akasimama uani. Hakujua aanze na pole, au na shikamoo ya utani kama zamani. Alichoweza kusema ni hiki:

"Lute, siku ile niliachia ngazi. Nilikuwa na simu."

Lutengano hakuinua macho. Alichambua jani moja, akachambua la pili.

"Najua. Nilikuwa juu, nilikuona. Ulikuwa unacheka."

Wapendwa, Mbwilo alikuwa amejiandaa kwa hasira. Alikuwa amejiandaa kwa machozi. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Alikuwa amebeba siri kwa miezi saba kumficha mtu aliyeijua kabla yake.

"Mbona hukusema?"

"Niseme mimi? Mtaani wanasema nilipanda nimelewa. Mama mkwe wangu anasema. Mwanangu wa kwanza aliniuliza, 'Baba, ni kweli ulikunywa?' Na wewe ulisikia yote hayo, ukanyamaza. Nyonga ni mfupa, Mbwilo. Mfupa ningekusamehe siku ileile."

Mbwilo akapiga magoti palepale uani. "Nisamehe."

"Sijui. Leo sijui. Nenda kwanza kaseme mahali watu walipo."

Jumanne kamati ya zahanati ilikaa. Mbwilo akaomba kusimama. Akasema yote, simu, kicheko, kimya chake, na kwamba Lutengano hakuwa ameonja hata tone. Mwenyekiti akavua miwani. Mzee mmoja akasema fundi wa namna hii asishikishwe tena ngazi ya mtu, na Mbwilo akakubali kwa kichwa. Kazi nusura impite. Walimwachia kwa kuwa mvua ilikuwa karibu na fundi mwingine hakuwapo. Alitoka mkutanoni bila kujua kama amejiokoa au amejiharibia.

Mnataka kujua kama alipanda? Si siku ile. Alirudi kwa yule mama wa hospitali, akaanza upya tangu neno la kwanza. Mama akamwambia, "Karibu, baba. Leo ndiyo tumeonana." Alipokuwa tayari alirudi na kwa kocha, na zile hatua ndogo zikawa na kazi, kipandio kimoja kila siku. Alirudi na kwetu. Safari hii hatukukemea mtu, tulilia naye. Wiki ya pili ya Novemba alikuwa juu ya zahanati, anagonga misumari. Lutengano alipita njiani kwa magongo yake. Akasimama, akatazama juu kwa muda, akaendelea na safari. Hakupunga mkono. Mbwilo akashindwa kuelewa kama ule ulikuwa msamaha. Mpaka leo bado anajiuliza.

Sasa sisi. Sisi tunaouliza kila siku, mchungaji, niende kwa kocha au kwa mwanasaikolojia? Nifunge na kuomba, au nijikaze tu? Ni maswali mazuri, na kila mmoja wa hao ana kazi yake. Asikudanganye mtu kwamba ukiwa na imani huhitaji hospitali. Lakini mimi nakuuliza swali lililo kabla ya hayo yote. Ukifika kwao, unampeleka nani? Kwa kocha unapeleka mwenye ndoto, kwa daktari unapeleka mwenye kichwa kinachouma, na hapa madhabahuni unaleta mtu aliyerogwa. Halafu unarudi nyumbani unanung'unika kwamba wote wameshindwa!

Hawakushindwa, ndugu yangu. Hawajakuona bado.

Kuna mtu humu ndani amekaa na neno moja, na anamjua anayepaswa kuambiwa. Sitakuita mbele. Ibada ikiisha, usije kwangu kwanza. Nenda kwake.