Mtamba wa Kwenye Sinema

Wahenga hawakuwa na sinema, lakini walikuwa na mizinga ya nyuki, wakajua kwamba ulimi ukishaonja utamu hauombi ruhusa tena. Kwandu, mke wa Maganga, aliijua methali yao, na alipenda sana kumsomea binti yake Nyamizi.

Tangu wahamishiwe kijiji cha ujamaa karibu na Lalago, Nyamizi alikuwa hatulii. Gari la sinema likipaza sauti tu, mwiko ulibaki chunguni, mwenyewe keshafika uwanjani. Likihamia kijiji cha pili, alilifuata kwa miguu. Kwandu alisema mpaka akachoka. Roho yake ilikuwa kwenye pamba iliyoanikwa uani. Ikibaki safi, ingempatia Nyamizi godoro, sanduku na sare za sekondari. Ikichafuka ingeitwa fifi, daraja la chini lenye bei ndogo, na hapo sekondari angeisikia kwa wenzake. Kazi ya binti ilikuwa moja, kufunga ndama kabla ya jua kuzama.

“Mayu, nikikosa sinema, kesho yake kisimani nakuwa bubu,” Nyamizi alimwambia mama yake. “Rafiki zangu tuliwaacha Ipililo. Hapa nina nini kingine?”

Maneno hayo yalimchoma Kwandu.

Jioni gari liliporudi, ndama walikuwa nje na binti hayupo. Kwandu akatoka mbio kwenda kumkokota kwa sikio. Alimkuta katikati ya wenzake, anacheka kicheko ambacho nyumbani hakijasikika tangu wahame, akasita. Ndipo kwenye shuka la sinema akatokea mtamba mwekundu, anahangaika kuzaa. Kwandu alikuwa amezalisha ng’ombe tangu usichana wake, akaona wazi kuwa ndama amekaa vibaya. Akaketi. Akaanza kumwelekeza kwa sauti bwana mifugo wa kwenye picha, kwamba ashike miguu ya mbele kwanza. Watu walimcheka, yeye hana habari. Mara picha ikakatika, na dereva akatangaza kuwa kilichobaki kingeonyeshwa kesho, kijiji cha jirani.

Nyumbani walikuta ndama wamelala juu ya pamba, wameichafua kwa kinyesi. Nyamizi alilia. Kwandu alitaka kumkaripia, akakumbuka kuwa naye aliketi kutazama, akaanza kuwafukuza ndama.

Kulipokucha waliichambua pamoja. Iliyosalimika ilikuwa kidogo, labda ya sare tu. Nyamizi aliapa kuwa hatatoka tena mpaka pamba ifike ushirika, na alimaanisha. Lakini alasiri mikono ya Kwandu ilipungua kasi, macho yakawa barabarani.

“Mwanangu, ndama utawafunga?”

“Nitawafunga, Mayu.”

“Basi baki na pamba. Naenda kuona kama yule mtamba amezaa. Narudi sasa hivi.”

Nyamizi alimtazama mama yake akifunga kanga na kushika njia bila kugeuka. Alitaka kucheka, machozi yakamlenga. Alijua kuwa mtamba akishazaa, mama atataka kumwona ndama akisimama. Kweli, mchovya asali hachovyi mara moja.